Mpunga wa ukame si mpunga wa jangwa

Wiki hii abti wangu amenitumia video. Kijana mmoja ameshika mashuke ya mpunga, anasema hii mbegu haitaki mto wala mfereji, unapanda tu unangoja mvua. Abti ana ekari mbili nje ya mji, mbali na Tana. Ng'ombe wake wengi walikufa ule ukame wa 2020 hadi 2022, mvua ilipokataa misimu mitano mfululizo. Akaniuliza neno moja tu: "Ninunue?"

Sikumjibu hapo hapo. Nilienda kusoma kwanza, na nilichokipata kinatuhusu sisi sote tunaokula bariis karibu kila siku.

Tuanze na mbegu yenyewe, maana si uongo kwamba ipo. Afrika ina mpunga wake wa asili, uliofugwa na wakulima wa bonde la mto Niger miaka kama 3,000 iliyopita. Ni mgumu, unavumilia magugu na shida nyingi, lakini mavuno yake ni kidogo. Mpunga wa Asia unazaa sana lakini umezoea kubembelezwa. Miaka ya 1990, Monty Jones wa Sierra Leone na wenzake katika kituo cha utafiti cha Bouaké, Côte d'Ivoire, waliiozesha hiyo miwili. Haikuwa rahisi, watoto wa ndoa ile wengi walitoka tasa, ikabidi wakuziwe maabara wakiwa bado viini. Mwishowe zikapatikana aina zinazoitwa NERICA, yaani mpunga mpya wa Afrika. Baadhi hukomaa kwa miezi mitatu tu. Mwaka 2004 Jones alipata Tuzo ya Chakula Duniani, pamoja na Yuan Longping wa China. Uganda wakaipokea kwa nguvu, Makamu wa Rais Gilbert Bukenya akiipigia debe, na Kenya nayo ikafuata.

Sasa sikiliza hapa. Bouaké hupata mvua karibu mara tatu ya yetu. Garissa kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 300 na kitu, tena tunagawanya Gu' na Deyr. Mpunga wa nchi kavu unataka zaidi ya hizo ndani ya msimu mmoja tu. Kwa hivyo "kustahimili ukame" maana yake ni kwamba mvua ikikatika wiki mbili tatu, mmea hautakufa haraka. Haimaanishi unaweza kukaa pale ngamia anapokaa.

Basi ina maana mpunga si wa kwetu? Hapo ndipo wengi tunakosea. Ukishuka na Tana kutoka hapa mjini, unafika kwa Wapokomo, na wao wamelima mpunga vizazi na vizazi bila pampu. Mto ulikuwa unafurika mara mbili kwa mwaka, maji yakirudi yanaacha udongo umelowa, watu wanapanda. Kule Ozi, karibu na bahari, walifanya jambo la ajabu zaidi. Bahari ikijaa inasukuma maji matamu ya mto yanapanda mashambani, ikipwa yanatoka. Mwezi na mto vinamwagilia, mkulima anapanga tu saa zake.

Nini kilibadilika? Juu ya mto yakajengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Nairobi ikapata taa. Huku chini yale mafuriko ya kawaida yakapungua, na Ozi maji ya chumvi yakaanza kuingia mashambani. Halafu mabwawa yakijaa kupita kiasi tunaletewa yote kwa pamoja, kama mwisho wa 2023 na tena 2024, barabara ya Madogo ikakatika na watu wakahama nyumba.

Serikali nayo ilijaribu Bura, ng'ambo ya mto, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Familia zililetwa kutoka pande nyingi za Kenya zilime pamba na mahindi kwa maji ya pampu. Eneo lililolimwa likawa dogo sana kuliko lililopangwa, pampu zikala pesa, na kufikia 1990 mradi ulikuwa umeanguka. Mbegu hazikuwa na kosa pale. Maji ndiyo hayakufika.

Ndiyo maana mimi nasema, tunabishana kitu kisicho. Kenya hununua nje mchele mwingi kuliko inaolima. India ilipofunga mchele wake mweupe Julai 2023, soko la dunia nzima lilitikisika, na sisi huku hatuna gunia la akiba. Mbegu nzuri itatusaidia, lakini kwenye ukanda wa mto, na mabwawa yakifungua maji kwa ratiba inayojulikana na mkulima wa chini. Hilo ndilo la kuwauliza viongozi wanapokuja kuomba kura, si picha ya magunia ya mbegu.

Abti nimemwambia asinunue. Zile ekari mbili aweke nyasi za mifugo na mtama kidogo, na akitaka mpunga atafute sehemu kando ya mto na wale wanaojua kuulima. Alinyamaza kidogo, akasema, "Walahi, nilikuwa nimeshatafuta pesa."

Kama kwenu kuna mtu ameonyeshwa video hiyo hiyo, mtumie hii kabla hajalipa. Na kama bibi yako alilima mpunga wa mafuriko, niandikie alivyofanya.