Kasiba Mbili, Si Midomo Miwili

Kuanzia Dindira, milimani Korogwe, hadi nyika za Handeni, shotigani kuukuu ya kuvunjwa katikati huitwa bunduki ya midomo miwili. Jina linaeleweka: ukiitazama kwa mbele unaona matundu mawili pacha. Mimi naona jina hilo ni urithi wa gobore.

Gobore hulishwa kwa mdomo. Baruti hutiwa huko, marisau yakafuata, vyote vikashindiliwa kwa ufito. Bunduki zilienea huku mapema; karne ya 19 Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, alizikusanya pale Mazinde kwa biashara ya misafara. Kisha Mkataba wa Brussels wa 1890 ukabana uingizaji wa bunduki zinazolishwa kwa nyuma, huku zile duni za gumegume, zinazolishwa kwa mdomo, zikiachiwa mwanya. Kwa silaha ya namna hiyo, mdomo ndio kila kitu.

Shotigani hailishwi hivyo. Huvunjwa, risasi mbili zikatiwa kwa nyuma. Thamani yake imelala katika urefu wote wa bomba, na bomba hilo lina jina zuri la Kiswahili: kasiba. Wengine husema mtutu, nalo halina kosa. Basi bunduki hii ni ya kasiba mbili.

Anayeithamini aanze hapo, asidanganywe na nakshi za ubavuni. Kwanza aitoe risasi. Avue kasiba kutoka kwenye kitako, azining'inize, azigonge kwa ukucha. Zikilia kama kengele, ulehemu unaoziunganisha bado umeshika. Zikitoa mlio mfu, umeachia mahali. Kisha achungulie ndani kuelekea kwenye mwanga. Vishimo vya kutu na mbonyeo hushusha bei kuliko kitako kilichopasuka, kwa kuwa kitako chaweza kuchongwa kingine.

Atafute pia alama za majaribio chini ya kasiba. London, Birmingham na Liège, kasiba hupigishwa kwa shehena kubwa kuliko ya kawaida kabla ya kuuzwa, zikivuka hupigwa mhuri. Kasiba za Dameski, zilizosokotwa kwa vipande vya chuma na feleji, nyingi zilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu. Mawimbi yake yanapendeza macho, lakini risasi ya leo yaweza kuzipasua mkononi mwa mpigaji.

Geji nayo huwachanganya wengi. Geji 12 maana yake gololi 12 za madini ya risasi, kila moja ikienea kasiba sawasawa, zina uzito wa ratili moja. Upana wake ni kama milimita 18.5. Kwa hiyo geji 20 ni nyembamba kuliko 12. Hata hivyo geji peke yake haitoshi. Bunduki nyingi za zamani za Kiingereza zina chemba, yaani tundu la nyuma linamokaa risasi, ya milimita 65, na risasi nyingi za sasa ni za 70. Hiyo ya 70 itaingia bila kugoma, lakini ikifunguka kwa mbele hukosa nafasi, na mgandamizo ukapanda mno.

Mdomo nao una neno lake: mbano, yaani kule kasiba inakosongwa kidogo ili marisau yasitawanyike upesi. Kwa kawaida kasiba ya kushoto hubanwa zaidi.

Nawaomba watunga kamusi waandike bunduki ya kasiba mbili. Nawe uliyerithi moja, isajili polisi na uipeleke kwa fundi mwenye kibali kabla hujatia risasi.