Ubao Mdogo na Udhalimu wa Idadi

Chombo kisipotosha shehena, desturi ya mwanadamu ni kuunda chombo kikubwa zaidi. Lakini ziko kazi ambazo desturi hiyo haizifai. Kombora halina ukumbi, ndege haina ghala, na chombo kiendacho mwezini hulipia kila ratili kwa mafuta mengi. Katika miaka ya 1950 mafundi wa elektroniki walibanwa na dhiki hiyo: vitu vya kutiwa katika ubao wa saketi viliongezeka kila mwaka, na ubao haukuruhusiwa kukua.

Mwanzo hapakuwa na ubao. Kila kitu ndani ya redio kiliunganishwa na mwenzake kwa uzi wa shaba uliotiwa lehemu kwa mkono. ENIAC, mashine ya kuhesabu iliyoonyeshwa huko Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na vali zipatazo 18,000, uzito wa tani 30 hivi, na viungo vya lehemu vilivyokadiriwa kufika milioni 5. Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia Uingereza mwaka 1936, alionyesha njia nyingine. Utando mwembamba wa shaba hubandikwa juu ya ubao usiopitisha umeme. Njia zinazotakiwa hufunikwa kwa wino. Shaba iliyobaki wazi huliwa na asidi. Aliomba hataza mwaka 1943. Tangu hapo nyuzi zikawa michoro, na msongamano wa waya ukapungua.

Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain waliunda transista ya kwanza. Ilikuwa ndogo kuliko vali, tena haikuhitaji kupashwa moto. Ilidhaniwa kuwa dhiki imekwisha. Kumbe tamaa ndiyo iliyofunguliwa mlango. Haba na haba hujaza kibaba: kila mtambo mpya ulitaka maelfu mengine. J. A. Morton wa maabara hiyo hiyo aliyaita maradhi haya udhalimu wa idadi. Jina hilo halikutiwa chumvi. Ikiwa kiungo kimoja katika kila viungo 10,000 huwa kibovu, basi mtambo wenye viungo 10,000 una nafasi isiyofika mbili katika tano ya kutoka ukiwa mzima. Kwa hiyo adui hakuwa udogo wa ubao peke yake. Adui alikuwa wingi wa viungo.

Tiba ya kwanza ilikuwa kusimamisha vitu badala ya kuvilaza. Rezista na kapasita zilipangwa wima baina ya bao mbili, zikashikamana kama kuni katika tita. Nafasi ilipatikana, na makombora yakabeba mitambo ya namna hiyo. Lakini kilichoharibika katikati ya tita hakikufikiwa kwa urahisi. Tiba ya pili ilikuwa kuutumia ubao pande zote mbili, kisha kuufanya tabaka juu ya tabaka, njia za shaba zikikutana kupitia matundu yaliyopakwa shaba. Tiba hizi zilipunguza msongamano, lakini hazikupunguza idadi.

Tiba ya tatu iliushika ugonjwa penye shina. Jack Kilby aliajiriwa na Texas Instruments, mjini Dallas, mwaka 1958. Julai wenzake walipokwenda likizo, yeye, akiwa mgeni asiyestahili likizo bado, alibaki karibu peke yake. Tarehe 24 ya mwezi huo aliandika katika daftari kwamba transista, rezista na kapasita zaweza kufanywa zote katika kipande kimoja cha kitu kile kile. Septemba 12 alionyesha kipande cha gerimaniamu kilichofanya kazi, lakini sehemu zake bado ziliunganishwa kwa nyuzi. Januari 1959 Robert Noyce wa Fairchild, California, akijengea juu ya ufundi wa Jean Hoerni, alibuni namna ya kuzitandaza njia za metali juu ya silikoni yenyewe. Nyuzi zikatoweka.

Ushahidi ulikuja upesi. Kompyuta iliyoongoza chombo cha Apollo kutua mwezini Julai 20, 1969, ilikuwa na saketi unganifu zipatazo 2,800, kila moja ikiwa na transista 6. Jumla yake ni karibu 17,000, idadi inayokaribia vali za ENIAC. Na kompyuta nzima ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu. Katika redio ya vali fundi aliweza kufuata uzi kwa jicho, akakigundua kiungo kibovu na kukiponya kwa lehemu ya senti chache. Katika saketi unganifu hakuna uzi wa kufuata; kikifa kimoja ndani, hutupwa vyote. Werevu ulihama kutoka meza ya fundi ukaingia kiwandani. Waliotafuta nafasi walifanya haki kuviondoa viungo, maana ndivyo vilivyokuwa chanzo cha ubovu. Lakini ndivyo pia vilivyokuwa mlango wa mkono wa fundi. Ubao ulibaki mdogo, na mlango ule ukafungwa.