PICHA MNATO NA SAUTI ISIYOKATIKA: HISTORIA YA MBINU MOJA YA USIMULIZI NA NAFASI YAKE TURKANA

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wameandika mengi juu ya tatizo la kuihamisha simulizi kutoka kinywani mwa fanani hadi kwenye karatasi. Machache yameandikwa juu ya uhamisho wa pili, yaani ule wa kutoka kinywani hadi kwenye video ya nyumbani. Katika uhamisho huu sauti hubaki kuwa ya fanani mwenyewe, lakini picha yaweza kubadilishwa: uso wake huondolewa kwa muda, picha mnato ya mtu au mahali anapopataja ikawekwa badala yake, huku masimulizi yakiendelea. Makala haya yanafuatilia historia ya mbinu hiyo na kuipima kwa simulizi za Turkana, kuanzia Lodwar na kitongoji chake cha Kanamkemer hadi Kakuma. Hoja inayotetewa ni kwamba picha inayopachikwa huongeza ushahidi, lakini papo hapo hufuta sehemu ya matini.

2.0 Asili ya Mbinu

Mbinu hii ilikomaa katika filamu kabla ya kuingia majumbani. Mwaka 1957 Colin Low na Wolf Koenig, wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, walitoa City of Gold. Filamu hiyo iliufufua mji wa Dawson wa enzi ya kukimbilia dhahabu kwa picha za zamani, kamera ikitembea polepole juu ya kila picha na Pierre Berton akisimulia. Mwaka 1962 Chris Marker wa Ufaransa alitoa La Jetée, hadithi iliyojengwa karibu yote kwa picha mnato na sauti ya msimulizi. Ken Burns wa Marekani aliieneza mbinu hii kwa mfululizo wa televisheni wa The Civil War mwaka 1990, hata programu ya iMovie ikaupa mwondoko huo wa kamera jina lake mwaka 2003.

Wenye vinasa vya VHS waliijua kwa njia ngumu zaidi. Kinasa chenye uwezo wa kupachika kiliweza kufuta picha katika kipande cha mkanda na kuweka nyingine, huku sauti iliyonaswa kwenye ukingo wa mkanda ikibaki salama. Sauti ya Hi-Fi, kinyume chake, ilinaswa katika mistari ileile ya picha. Aliyebadilisha picha aliipoteza sauti hiyo pia. Kila picha ilikuwa na gharama, na mhariri alilazimika kujiuliza kama inastahili. Leo kompyuta na simu huweka sauti na picha katika safu mbalimbali, na gharama hiyo imetoweka. Swali lililokuwa likiambatana nayo halikutoweka.

3.0 Sauti ya Nani?

Turkana ina nafasi maalumu katika historia hii. Mwaka 1968 David na Judith MacDougall walirekodi filamu ya To Live with Herds miongoni mwa Wajie wa Uganda, na mwaka 1973 na 1974 wakarekodi nchini Kenya filamu tatu za Turkana Conversations: The Wedding Camels, Lorang's Way na A Wife Among Wives. Filamu za aina hiyo zilizoea kuwa na sauti ya mtaalamu asiyeonekana, aliyewaeleza watu huku wao wakitembea kimya mbele ya kamera. MacDougall hao waliwaacha wenyeji wazungumze kwa lugha yao, na tafsiri ikaandikwa chini ya picha. Kwa hakika, hayo yalikuwa mabadiliko ya mamlaka: Lorang, mwenye boma, akawa mfafanuzi wa maisha yake.

Funzo hilo laihusu pia familia ya Kanamkemer inayomrekodi nyanya yao. Madhali sauti ni yake, picha zinamtumikia. Lakini mjukuu akiingiza maelezo yake juu ya picha za nyanya, familia imeurudia mtindo wa kale bila kujua.

4.0 Mikono ya Fanani

Watu wa Turkana na Wajie husimulia habari za Nayeche, mwanamke wa Kijie aliyemfuata fahali wa kijivu, Engiro, hadi bonde la mto Tarach. Kilima cha Moru Anayeche kimebeba jina lake. Ni rahisi kukipiga picha kilima hicho na kuipachika mahali kinapotajwa. Msikilizaji aliye mbali atafaidika. Hata hivyo, katika jamii hizi mtu anayemwimba fahali wake huinua mikono kuiga umbo la pembe. Ishara hiyo ni sehemu ya matini, si pambo. Picha ya kilima ikiendelea kuonekana wakati mikono inapoinuliwa, sauti itasikika yote, nayo simulizi itakuwa imekatwa. Kwa hiyo kipimo cha muda wa picha ni mwili wa fanani: picha na iingie anapotulia, na iondoke kabla hajainua mkono.

Aidha, picha ina tarehe yake. Jomo Kenyatta alizuiliwa Lodwar kuanzia mwaka 1959 hadi 1961, na nyumba aliyokaa imehifadhiwa. Mzee akisimulia miaka hiyo, picha ya nyumba ilivyo leo haithibitishi ilivyokuwa wakati ule. Bila mwaka kuandikwa, kumbukumbu yake hugeuzwa kuwa maelezo ya picha, na picha nayo huonekana kusema kisichokuwamo.

5.0 Sauti Isiyo na Picha

Kakuma, kama kilomita 120 kutoka Lodwar, inatoa mtihani mgumu zaidi. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka 1992, na miongoni mwa waliofika mwanzoni walikuwa vijana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia. Mtoto aliyevuka mito kwa miguu hakubeba albamu. Anapokuja kusimulia akiwa mtu mzima, mhariri hushawishika kuziba pengo kwa picha za magazeti. Sura ya mtoto mwingine huwekwa chini ya jina la ndugu aliyepotea. Naye mtoto huyo, mwenye jina na ukoo wake, hupotezwa mara ya pili.

6.0 Hitimisho

Historia ya mbinu hii yaonyesha kwamba urahisi wa kupachika picha umeongezeka kuliko nidhamu ya kuichagua. Mhariri wa video ya nyumbani hana budi kutenda kama mhariri wa matini simulizi: ataje picha ni ya nani na ya mwaka gani, na asiifunike ishara yenye maana. Na pale ambapo picha haipo, uso wa msimulizi anayekumbuka ubaki kwenye kioo. Uso huo ndio picha pekee iliyokuwapo wakati simulizi inatolewa.