Silaha ya Mnyonge: Historia Fupi ya Usingizi na Sumu Ndani ya Pokémon

Kwenye karata zetu za mtaani, ukitupiwa J unarukwa. Hujaokota kadi hata moja, lakini zamu yako imepita na huna la kufanya ila kukaa ukitazama wenzako wakicheza. Machungu hayo ya kurukwa yamezua ubishi wa karibu miaka 30 ndani ya Pokémon: kumnyima mwenzako zamu ni kucheza, ama ni kuharibu mchezo?

Gemu za kwanza, Red na Green, zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, za kuchezewa kwenye Game Boy. Aliyezibuni, Satoshi Tajiri, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akikusanya wadudu. Labda ndiyo sababu mbinu nyingi za hila humu ndani ni za wadudu na mimea. Mtazame Butterfree. Ni kipepeo tu. Kwa vita vya ngumi hana lake. Lakini akimwaga unga wake wa Sleep Powder, jitu lililokuja kumponda linaweza kulala fofofo. Parasect naye, mdudu aliyebeba uyoga mgongoni, alipewa Spore, mbinu ya kulaza yenye uhakika kuliko zote.

Hali za kumtia adui zilikuwa tano. Sumu ilimla polepole. Kuungua kulipunguza makali ya ngumi zake kwa nusu. Kupooza kulishusha kasi yake hadi robo, na mara moja kati ya nne mwili ulikataa kabisa kusonga. Usingizi ungeweza kumweka chini hadi zamu saba, na hata zamu ya kuamka ilihesabiwa kuwa imetumika. Kuganda nako kulikuwa kiama: barafu haikuyeyuka yenyewe. Bila dawa, tumaini lako lilikuwa adui akusaidie mwenyewe, kwa mfano akuchome moto. La sivyo, wewe ni sanamu mpaka mechi iishe.

Sasa fikiria msee mmoja anawalaza viumbe wako wote sita, mmoja baada ya mwingine. Hiyo si mechi tena, ni matanga. Ndiyo maana Pokémon Stadium, iliyofika Marekani mwaka 2000, ilikuja na kanuni ya mashindano: ukishamlaza mmoja, huruhusiwi kumlaza wa pili mpaka yule wa kwanza aamke.

Kutoka hapo historia ni ya kupunguza makali. Kwenye Gold na Silver za mwaka 1999, barafu ilianza kuyeyuka yenyewe, na viumbe wakaweza kwenda vitani wamebeba tunda la kujitibu. Zamani kiumbe mwenye sumu aliendelea kupoteza uhai hata ukitembea tu njiani. Kwenye Black na White, mwaka 2010, hilo likafutwa. Mwaka 2013, X na Y ziliwakinga viumbe wa umeme dhidi ya kupooza, na wa majani dhidi ya unga wa aina zote. Mwaka 2016, Sun na Moon zilifanya aliyepooza apoteze nusu tu ya kasi yake.

Kila badiliko lina sababu yake, na anayetoka kupigwa kwa usingizi atapiga makofi. Lakini angalia nani anaumia. Jitu likipokonywa mbinu ya kupooza, bado lina ngumi. Kipepeo akikutana na adui asiyeguswa na unga, anabaki na nini? Mabawa.

Kisa cha Smeargle ndicho kinachonisumbua zaidi. Huyu ni mchoraji mwenye mkia wa brashi, aliyeingia mwaka 1999. Ni dhaifu ajabu, ila ana kipaji kimoja: anaweza kunakili karibu mbinu yoyote anayoiona. Akanakili Dark Void ya Darkrai, inayoweza kuwalaza maadui wawili kwa mpigo. Kwenye mashindano rasmi ya wawili kwa wawili ya mwaka 2016, ambako ile kanuni ya usingizi haikuwepo, alikuwa balaa. Lakini hakuwa peke yake, bana. Mara nyingi kando yake alisimama jitu kama Xerneas, likijiongezea nguvu wakati maadui wanakoroma. Silaha ya mnyonge ilikuwa imeajiriwa na mkubwa.

Mwisho wa mwaka huohuo hukumu ikatoka. Uhakika wa Dark Void ulishushwa kutoka asilimia 80 hadi 50, na Smeargle akazuiwa kuitumia kabisa. Xerneas alibaki na mbinu yake ya kujiongezea nguvu.

Mimi sililii usingizi wa zamu saba. Kumfungia mtu nje ya mechi aliyokuja kucheza ni uonevu. Lakini sheria inayomnyang'anya fimbo aliyetumwa, ikamwacha aliyemtuma na panga lake, haijamaliza uonevu. Imechagua tu ule unaokubalika.

Mwaka 2022, Legends: Arceus ilijaribu njia nyingine: badala ya usingizi, kusinzia, badala ya kuganda, baridi kali inayouma huku bado unapigana. Baadaye mwaka huohuo zikaja Scarlet na Violet, na usingizi wa zamani ukarudi. Parasect hakurudi nao, lakini Spore bado ipo. Ubishi nao bado upo.