Sare si kushindwa: nusu pointi ya sataranji ilitoka wapi?

BUNIA – Watu wakicheza dama kwa vizibo vya chupa kando ya njia, watazamaji hutaka mshindi. Mechi ikiisha sare, wengine huona ni muda uliopotea bure. Hata kwenye sataranji, watu walibishana sana kabla ya kukubaliana sare ina thamani gani.

Mwaka 1867, katika mashindano ya Paris, sare haikumpa mtu kitu. Wote wawili waliandikiwa sufuri, sawa na aliyeshindwa. Mwaka huohuo, huko Dundee, Scotland, kila mmoja alipewa nusu pointi. London mwaka 1883 walijaribu njia nyingine: sare mbili za kwanza kati ya wachezaji walewale zilirudiwa, ya tatu ndiyo ikahesabiwa. Lakini kurudia michezo kunakula siku nyingi, na nusu pointi ndiyo iliyobaki mpaka leo.

Nusu hiyo ni faida kubwa kwa mchezaji wa klabu aliyezidiwa. Mfalme wake asiposhambuliwa, lakini akawa hana hatua yoyote halali, mchezo ni sare. Hali ileile ikijirudia mara tatu, anaweza kudai sare. Vilevile kila upande ukicheza hatua 50 bila kula kete wala kusogeza askari. Kwa hiyo aliyepoteza ngome bado ana jambo la kupigania.

Mfano mkubwa ulionekana Moscow. Septemba 1984, Anatoly Karpov, bingwa wa dunia, alikutana na Garry Kasparov, kijana wa miaka 21. Wa kwanza kushinda michezo 6 ndiye angekuwa bingwa. Baada ya michezo 9, Karpov alikuwa mbele 4 kwa 0. Kasparov akashikilia: sare 17 mfululizo. Karpov akapata ushindi wa tano, lakini wa sita haukuja. Kasparov akashinda mara tatu, na tarehe 15 Februari 1985 mechi ikasimamishwa baada ya michezo 48, ambayo 40 ilikuwa sare.

Walipocheza mechi mpya mwaka huohuo, Kasparov alishinda, 13 kwa 11, akawa bingwa tarehe 9 Novemba.

Basi kijana wa Bunia akiponyoka kwa sare mbele ya mkubwa wake, asione haya kuandika nusu yake. Kasparov naye alianzia hapo.