Gobori ya Katavi haikuzaliwa na ujinga

Gobori ikitajwa Mpanda, fikra hukimbilia ujangili, na wengi huiona kuwa ushahidi kwamba wahunzi wetu walishindwa na bunduki za kisasa. Hoja hiyo haisimami. Jirani tu, Ufipa, wahunzi waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuru ya udongo yanayopita kimo cha mtu, kabla Wabelgiji hawajajenga kituo chao Karema mwaka 1879. Ujuzi ulikuwepo. Kilichokuja baadaye ni mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambamo mataifa ya Ulaya yalizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaruhusu kwa masharti zile za gumegume zenye mtutu laini. Mwafrika akabakiziwa silaha iliyokwisha kuchakaa Ulaya, huku askari wa Mjerumani wakibeba Mauser ya 1871, ambayo ni bunduki ya bolti.

Tofauti ya kiufundi ni kubwa, na inafaa itazamwe kwa karibu. Gobori hushindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni. Nyuma mtutu umezibwa moja kwa moja. Bolti hufunguka na kufunga palepale nguvu ya mlipuko inapokita. Katika Mauser ya 1898 hushikwa na meno mawili mbele, na la tatu la tahadhari nyuma. Fundi mzuri hupaka meno hayo masizi, hufunga, hufungua, kisha hutazama yamefutika wapi. Jino moja likibeba mzigo peke yake, hulisugua kidogo kidogo mpaka yote mawili yaguse sawasawa. Atakayesema hapo ndipo wahunzi walipokwama ana nusu ya ukweli: bila mashine ya kukereza na chuma cha pua, bolti haitengenezeki kwa urahisi. Lakini hata ingetengenezeka, ingedai risasi ya kiwandani kwa kila mlio. Aliyeshika mtambo anaoweza kuukarabati mwenyewe alipima vizuri.

Wapo watakaoona kwamba kumsifu fundi wa gobori ni kumtetea jangili. Sivyo. Tembo wa Hifadhi ya Katavi lazima walindwe, na sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka leseni. Ila gobori zinazosalimishwa zisiteketezwe zote. Chache zizibwe mitutu, ziandikwe zilikotoka na namna zilivyoundwa, zipelekwe makumbusho.