Dawa ya Chuo Kikuu: Habari za d4T na Bei Yake

Historia za dawa aghalabu huandikwa kwa jina la mgunduzi. Twasoma alizaliwa wapi, alifundishwa na nani, alikesha mara ngapi katika maabara hata akapata alichokitafuta. Kisha kitabu hufungwa, kana kwamba dawa ikisha kugunduliwa hujiendea yenyewe mpaka kitandani kwa mgonjwa. Sivyo. Kati ya maabara na kitanda pana karatasi nyingi zenye saini, na bei ya dawa hukatwa katika karatasi hizo kabla haijafika dukani. Insha hii yafuata karatasi za dawa moja tu, iitwayo stavudini, ambayo wanasayansi huifupisha d4T. Nimeichagua kwa kuwa ilitafutwa kwa fedha za umma na ikamilikiwa na chuo kikuu. Na tena kwa kuwa mwaka 2001 bei yake katika Afrika ilianguka ghafula, pasipo mtu yeyote kugundua jambo jipya.

Asili yake ni mji wa Detroit. Huko mkemia Jerome Horwitz alikuwa akitafiti saratani kwa ruzuku ya serikali ya Marekani. (Neno ruzuku ni ndugu wa neno riziki, Mwenyezi Mungu huwaruzuku waja wake bila ya mkataba, lakini ruzuku ya serikali hutoka katika mfuko wa mlipa kodi, na mlipa kodi ana haki ya kuuliza.) Mwaka 1964 Horwitz alitengeneza AZT, na mwaka 1966 d4T. Alikusudia kuzihadaa chembe za saratani kwa kuzipa kitu kinachofanana na chakula chao, zikile, zishindwe kuzaana. Hila ilikuwa nzuri, walakini panya hawakupona. Horwitz akayachapisha matokeo yake, akaziweka dawa kando, wala hakuziombea hataza.

Yapasa nilifafanue neno hili, maana mambo yote yajayo yategemea maana yake. Hataza ni hati ya serikali impayo mvumbuzi haki ya kumzuia mtu mwingine asikitengeneze, asikiuze wala asikiingize nchini kitu alichokivumbua, kwa muda maalumu, ambao siku hizi ni miaka 20 tangu siku ya kuiomba. Msomaji aangalie kwamba hati hii haimpi mwenyewe kitu; yampa uwezo wa kukataza tu. Hutolewa na kila nchi mbali mbali, na mahali isipotolewa, kila mwenye kiwanda aweza kutengeneza.

Ukimwi ulipotokea katika miaka ya 1980, dawa zile zilizosahauliwa zilitolewa tena kabatini. AZT ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1985 wanasayansi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani waliijaribu katika maabara yao, wakaona yazuia virusi. Kampuni ya Burroughs Wellcome, iliyokuwa imewapelekea dawa hiyo, ikachukua hataza ya matumizi yake. Iliporuhusiwa kuuzwa mwezi wa Machi 1987, dozi ya mwaka mmoja ilikuwa yapata dola 10,000. Wagonjwa wakapiga kelele barabarani, na mwaka 1989 kampuni ikapunguza bei kwa sehemu moja ya tano. Mwaka huo huo wanasayansi wa serikali waliandika barua katika gazeti la New York Times kueleza sehemu ya kazi waliyoifanya wao. Si jambo la kawaida kwa watumishi wa serikali kudai haki yao gazetini, na naona barua ile yatufunza zaidi kuliko vitabu vingi vya uchumi wa dawa.

Sasa turudi kwa d4T. Katika Chuo Kikuu cha Yale alikuwapo William Prusoff, mtaalamu wa famakolojia, ambaye mwaka 1959 alikwisha kutengeneza mojawapo ya dawa za kwanza kabisa za kupambana na virusi. Yeye na mwenzake Tai-Shun Lin, nao pia kwa msaada wa fedha za umma, waliipima d4T juu ya virusi vya Ukimwi, wakaona yafanya kazi. Lau hili lingetokea miaka kumi nyuma, matunda yake huenda yangekuwa ya serikali. Lakini mwezi wa Desemba 1980 Marekani ilikuwa imetunga sheria, ijulikanayo kwa majina ya maseneta wawili, Bayh na Dole, iliyoviruhusu vyuo vikuu kumiliki hataza za uvumbuzi uliogharimiwa na serikali. Sababu haikuwa ya kipumbavu: hataza nyingi za serikali zilikuwa zikilala makabatini bila mtu kuzitumia. Basi Yale ikachukua hataza ya d4T, ikawapa kampuni ya Bristol-Myers leseni ya pekee. Mwaka 1994 dawa ikaruhusiwa kuuzwa kwa jina la Zerit.

Hapana budi kuitendea haki kampuni. Majaribio kwa maelfu ya wagonjwa hugharimu fedha nyingi, na Yale isingaliweza kuyafanya peke yake. Dawa iliyo katika chupa ya mkemia si dawa bado. Kampuni ilifanya kazi hiyo ikalipwa, na chuo nacho kikalipwa mrabaha, ambao karibu na mwaka 2000 ulifika yapata dola milioni 40 kwa mwaka. Kosa silioni katika kulipwa. Nalitafuta katika karatasi ya leseni: chuo kilipokabidhi ufunguo, hakikubakiza hata mlango mmoja. Haki ya kukataza ilitolewa kwa Marekani, na kwa Afrika Kusini vile vile, ambako Yale ilikuwa imeandikisha hataza hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa mwaka 2001 watu zaidi ya milioni 20 katika Afrika kusini mwa Sahara walikuwa na virusi. Matibabu ya dawa tatu kwa pamoja, yaliyothibitika tangu mwaka 1996, yaliuzwa Marekani kwa dola 10,000 na zaidi kwa mwaka. Mwezi wa Februari Yusuf Hamied, mkuu wa kampuni ya Cipla ya India, alitangaza kwamba angewauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Mojawapo ya hizo tatu ilikuwa d4T. Aliweza kwa kuwa sheria ya India ya mwaka 1970 haikutoa hataza kwa dawa yenyewe, ila kwa njia ya kuitengeneza tu. Dawa ilikuwapo, mnunuzi alikuwapo, na mgonjwa alikuwapo. Kilichozuia ni hati moja, na mwenye hati alikuwa chuo kikuu.

Madaktari hao wakaiandikia Yale kuomba ruhusa ya kuingiza dawa hiyo Afrika Kusini. Chuo kikajibu kwamba leseni imekwisha kutolewa, na neno ni la kampuni. Hapo ndipo wanafunzi walipoingia. Wanafunzi wa sheria walisoma, wakauliza, wakakusanya saini za mamia ya wenzao na walimu wao. Prusoff mwenyewe, mzee wa miaka 80, alisema waziwazi kwamba angependa dawa yake iwafikie wagonjwa wa Afrika, ama kwa bei ndogo ama bure. Tarehe 14 Machi, mwezi mmoja tu tangu barua ya kwanza, kampuni ilitangaza kwamba haitatumia hataza yake kuzuia dawa ya bei nafuu katika Afrika Kusini, na kwamba itauza d4T barani kwa senti 15 kwa siku. Dozi ya mwaka, iliyokuwa yapata dola 1,600, ikawa dola 55.

Siku zile zile, huko Pretoria, kesi nyingine ilikuwa ikisikilizwa. Kampuni za dawa zipatazo 40 zilikuwa zimeishitaki serikali ya Afrika Kusini tangu mwaka 1998, kwa sababu ya sheria ya mwaka 1997 iliyofungua njia ya dawa za bei nafuu. Tarehe 19 Aprili 2001 zikaiondoa kesi. Miezi miwili baadaye Bunge la Kenya likapitisha sheria ya hataza yenye ruhusa ya kuagiza dawa kutoka nchi ziuzapo kwa bei ndogo.

Wako wasemao kwamba bei ikishuka, utafiti utakauka. Kwa habari ya d4T hoja hii haina nguvu, kwani Afrika nzima ilikuwa ikinunua yapata sehemu moja tu katika mia ya dawa zote zilizouzwa duniani. Faida iliyogharimia utafiti haikutoka Soweto. Lakini pia si kweli kwamba masharti hayana gharama. Mwaka 1989 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliweka sharti la bei ya haki katika mikataba yao na kampuni, na mwaka 1995 zikaliondoa, zikisema kampuni zimeanza kuwakimbia watafiti wao. Mimi naona sharti lile liliandikwa kwa maneno mapana mno, hata hakuna aliyejua bei ya haki ni ipi. Sharti la kutozuia dawa katika nchi maskini ni jepesi zaidi kulipima: hataza ama yatumiwa huko, ama haitumiwi.

Stavudini yenyewe haikudumu. Iliwadhuru wengi mishipa ya fahamu na kuwakondesha nyuso, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache taratibu. Waliobadilishiwa dawa walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa wameanza kwa kidonge kile cha senti 15.